Jibu: Kulinda mikoko kwa kujitolea

Ndugu, umeuliza vipi wanaojitolea katika mji wenu mdogo wa pwani ya Kenya watailinda mikoko pasipo wakazi kurudi kuikata. Tazameni Gazi, Kaunti ya Kwale, ambako mradi wa Mikoko Pamoja, unaosimamiwa na kamati ya wanakijiji wenyewe, unatunza hekta 117 na kuuza hewa ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo mikoko hiyo inaifyonza na kuihifadhi, na sehemu ya mapato imekwenda kwenye maji na shule. Kwangu mimi, lenye uzito zaidi kuliko hizo fedha ni mivinje iliyopandwa nchi kavu ili watu wapate nguzo na kuni, kwa sababu kumkataza mtu bila kumpa mbadala ni kazi bure. Kabla ya kupanda, sajilini chama cha misitu cha jamii, kisha mwandikiane mkataba wa kuutunza msitu na Huduma ya Misitu ya Kenya.