Maswali ya Wasomaji: Mikoko Tunailinda Sisi, Fedha za Kaboni ni za Nani?

Swali: Bwana Mhariri, mimi ni katibu wa kikundi cha watu 46 katika Kaunti ya Kilifi. Kwa miaka minne tumekuwa tukipanda mikoko, na sasa yapata hekta tisa zimeshika vizuri. Mwezi uliopita alitujia bwana mmoja akatueleza kwamba tumekalia mali bila kujua, na kwamba kaboni iliyomo katika mikoko yetu ina wanunuzi Ulaya. Anataka kila mwanachama atoe shilingi 2,000 za usajili, kisha tutie sahihi mkataba wa miaka 40 ulioandikwa kwa Kiingereza, na ameahidi kwamba kila mmoja wetu atapokea fedha kwenye simu kila mwisho wa mwezi. Wazee wanasema tusiikose bahati, vijana wanasema ni utapeli. Tufanye nini?

Jibu: Ndugu Katibu, hizo shilingi 2,000 msizitoe. Biashara ya kaboni ni ya kweli, na hapa pwani ina zaidi ya miaka kumi, lakini sijapata kuona mradi wa kweli ambao gharama zake za mwanzo zilichangishwa kutoka mifukoni mwa wapandaji. Gharama hizo hubebwa na mwendeshaji wa mradi au mfadhili, naye hujirudishia katika mauzo. Ahadi ya fedha za kila mwezi inanitia shaka kuliko hata hiyo ada, kwa sababu kaboni hulipwa baada ya kupimwa, kukaguliwa na kupata mnunuzi, na kati ya mkutano wa kwanza na malipo ya kwanza miaka kadhaa hupita kwa urahisi.

Kinachouzwa si mti wala ardhi. Ni hati inayothibitisha kwamba tani moja ya hewa ya ukaa imezuiwa isiingie angani, au imeondolewa humo, kutokana na kazi ambayo isingefanyika pasipo mradi. Magazeti mengi huziita hati hizi mikopo ya kaboni, na neno hilo limewatia watu hofu ya bure: katika mkutano mmoja niliohudhuria, mama mmoja aliinuka akauliza riba ni asilimia ngapi, na nani atalipa iwapo mikoko itakufa. Hakuna anayekopwa, lakini nusu ya pili ya swali lake ilikuwa ya mtu anayejua biashara, kwa maana ni kwa ajili ya balaa la namna hiyo ndipo sehemu ya hati za kila mradi huwekwa kando kama akiba, zisiuzwe. Zingatieni pia yale maneno ya kazi ambayo isingefanyika. Miti mliyokwisha kuipanda kabla ya mradi kusajiliwa huenda isihesabiwe yote, kwa kuwa mkaguzi atasema kwamba mliipanda bila kusubiri fedha za mtu.

Tani hizo hazikadiriwi kwa macho. Niliwahi kushinda na kikundi kimoja kilichokuwa kikipima, tukiwa na saa chache tu za maji kupwa, tope likitufika magotini. Walivuta kamba wakapata mraba wa mita kumi kwa kumi, kisha kila mti uliokuwa ndani yake ukazungushiwa utepe: mchu na mkandaa, ambazo ni aina za mikoko, kwa urefu wa kifua, lakini ile aina iitwayo mkoko wenyewe hupimwa juu ya mzizi wake wa juu kabisa, la sivyo unapima mizizi badala ya shina. Mmoja alitaja jina na namba, mwingine akarudia kwa sauti ndipo akaandika, wa tatu akatia alama ya rangi ili mti usihesabiwe mara mbili. Visiki pia vilihesabiwa, na hapo ndipo mazungumzo yalipokoma ghafula, kwa sababu kila aliyekuwepo aliweza kukitazama kisiki na kusema kama kilitoa pau, mazio au boriti, yaani miti ya kujengea ya unene mbalimbali, na pengine hata nani aliyeikata. Daftari lile lililolowa maji ya chumvi ndilo linaloleta fedha. Kikundi kisicho na nakala ya daftari lake hakina cha kumhoji mwendeshaji anapotangaza kwamba mwaka huu tani zimepungua.

Sasa tupige hesabu. Mradi wa Mikoko Pamoja katika Ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale, ulianza kuuza hati zake katika miaka ya 2010 chini ya kanuni za Plan Vivo, shirika linalothibitisha miradi ya kaboni, na mwaka 2017 ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Unalinda hekta 117 na kuhesabiwa tani zipatazo 3,000 kwa mwaka, na katika miaka yake ya mwanzo mapato yalikuwa kama dola 12,000 hadi 15,000 kwa mwaka. Vijiji vya Gazi na Makongeni vina maelfu ya wakazi. Tukisema ni 5,000 tu, na tugawe dola 15,000 kichwa kwa kichwa, kila mmoja atapata dola tatu kwa mwaka mzima, yaani nauli ya siku moja au mbili. Wenyewe walilitambua hilo mapema, ndiyo maana fedha zao zimekwenda katika maji ya bomba, majengo ya shule na vitabu, kwa uamuzi wa mikutano ya kijiji. Dola tatu hazimtoi mtu katika shida, lakini dola 15,000 zikikaa pamoja humpunguzia mama safari ya kisimani kila siku.

Kwa kipimo hicho hicho cha Gazi, hekta zenu tisa zingehesabiwa tani kama 230 kwa mwaka. Mkipata dola tano kwa tani, hizo ni dola 1,150, au dola 25 kwa kila mmoja wenu, kabla hamjamlipa mkaguzi wa nje ambaye gharama yake peke yake ni maelfu ya dola. Kwa hiyo peke yenu hamwezi. Unganeni na vikundi jirani mlivyo navyo kwenye mkondo huo huo, kama walivyofanya watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu, ambao mradi wao mmoja una zaidi ya hekta 400.

Jambo ambalo yule bwana hakulitaja, au hakulijua, ni kwamba mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali. Mnaipanda na kuilinda, lakini haki ya kunufaika nayo hutokana na makubaliano ya usimamizi kati ya chama cha jamii cha msitu na Shirika la Huduma za Misitu. Bila makubaliano hayo hamna kitu cha kumuuzia mtu, na mtu anayewasainisha bila kuyaulizia ama ni mgeni wa kazi hii ama ana lake jambo. Anzieni hapo, na ishirikisheni Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, ambayo wataalamu wake walikuwa pamoja na watu wa Gazi tangu mwanzo.

Kuhusu mkataba, Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya Kenya, kama ilivyorekebishwa mwaka 2023, inataka mradi wa ardhi ya umma au ya jamii uwe na makubaliano ya maendeleo ya jamii, na inaitengea jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Ulizeni asilimia hiyo inatolewa kabla au baada ya gharama, na jibu liandikwe, kwa sababu katika asilimia 40 ya kilichobaki wengine wamejikuta na asilimia 40 ya karibu sufuri. Ulizeni pia hati zitauzwa kwa bei gani na nani atawaonyesha risiti. Miaka 40 ni mingi mno kwa mkataba usio na kipengele cha kuupitia upya. Kijana wenu wa miaka 25 atakuwa na miaka 65 ukiisha. Na usomwe kwa Kiswahili, mbele ya kikundi chote, na mwanasheria ambaye hakuletwa na yule bwana.

Mwisho, ulizeni nguzo za nyumba na kuni zitatoka wapi. Mkifunga mikoko yenu kisha watu wakaenda kukata ya kijiji cha pili, mkaguzi atazipunguza tani zenu, na kwa haki. Gazi walipanda mvinje kwa ajili hiyo.

Swali: Mhariri, salaam. Niko Njombe, nina ekari tatu za misindano yenye umri wa miaka sita. Nimesikia Tanzania sasa ina kanuni za biashara ya kaboni. Je, naweza kuuza kaboni ya miti yangu huku nikisubiri kuvuna mbao?

Jibu: Dada yangu, kwa misindano uliyoipanda kwa ajili ya mbao, nafasi ni ndogo. Ungeipanda hata kama neno kaboni lisingekuwepo, na umekwisha kupanga kuikata. Tena ekari tatu ni chache. Mti mkavu, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni, na kila kilo ya kaboni ni sawa na kilo 3.67 za hewa ya ukaa. Kwa hiyo mti wenye kilo 100 za ukavu umeshika kilo zipatazo 180, na unahitaji miti mitano au sita ya namna hiyo kupata tani moja ya kuuza kwa dola chache. Linganisha na bei ya mti mmoja uliokomaa kwa mwenye kiwanda cha kupasua mbao, kisha uamue mwenyewe.

Kanuni unazozisema ni za mwaka 2022, na mahali pa kuanzia kuulizia ni Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kwa Tanzania, waliofanikiwa zaidi ni vijiji vyenye misitu ya asili katika ardhi yao ya kijiji, vikiwa na hati na mpango wa matumizi bora ya ardhi: Wahadzabe wa Domanga na Mongo wa Mono katika bonde la Yaeda, na vijiji vya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, ambako fedha za msitu zimejenga zahanati na madarasa. Kama kijiji chako kina msitu wa aina hiyo, peleka hoja kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Ekari zako tatu ziache zikue.

Swali: Tuliuziwa majiko sanifu kwa bei nafuu hapa Kitui, tukapigwa picha na kutia sahihi karatasi ambayo hatukuachiwa nakala. Sasa nasikia kampuni inauza kaboni ya majiko yetu. Tumeibiwa?

Jibu: Si lazima iwe hivyo. Katika miradi ya majiko, lile punguzo la bei ndilo malipo yenu, na karatasi mliyotia sahihi kwa kawaida humhamishia mwenye mradi haki ya kaboni itakayookolewa. Kosa ni kutowaachia nakala na kutowaeleza, na hilo mna haki ya kulidai kwa maandishi. Sheria ile ile ya mwaka 2023 inaweka angalau asilimia 25 ya mapato kwa jamii katika miradi isiyo ya ardhi, kwa hiyo ulizeni mradi wenu umesajiliwa lini na makubaliano yake na jamii yako wapi.

Msitarajie makubwa, hata hivyo. Mwezi Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba miradi ya majiko waliyoichunguza ilidai hati karibu mara tisa ya ilivyostahili, na miongoni mwa sababu ni kudhani kwamba jiko jipya hutumika kila siku na mafiga yameachwa. Wakija kuwakagua, semeni ukweli kama ugali wa watu kumi bado mnausongea kwenye mafiga, kwa kuwa sufuria kubwa haikai juu ya jiko lao.