Je, kula usiku kwa sababu ya huzuni ni dhambi ya ulafi?

SWALI: Padri, mimi ni mjane, ninauza vitenge soko la Kadutu hapa Bukavu. Tangu mume wangu afariki, watoto wakilala ninarudi jikoni, ninakula bugali baridi na mandazi mpaka tumbo linauma, kisha ninalia. Kikundi chetu cha sala kimesema nina pepo wa ulafi, nifunge kavu siku tatu, bila chakula wala maji, na nikianguka nianze upya. Nimeanza upya mara nne. Je, ninastahili kukomunika?

JIBU: Mama, pole sana. Jumapili hii nenda ukakomunike. Nalisema hilo kwanza kwa sababu umekwisha kuadhibiwa vya kutosha.

Ulafi ni dhambi, siifuti. Lakini dhambi hupimwa pia kwa uhuru wa anayeitenda, na Katekisimu, namba 1735, inafundisha kwamba lawama hupungua, pengine huisha kabisa, kwa sababu ya hofu, mazoea au uzito wa nafsi. Wewe unatafuta katika sufuria faraja uliyoikosa tangu msiba.

Kinachonisumbua ni dawa waliyokupa. Wanaoitoa hushika Marko 9:29, eti pepo wa namna hii hatoki ila kwa kuomba na kufunga. Nakala za kale zaidi za Injili hiyo zina neno “kuomba” tu. Tena aliyeambiwa hivyo si mgonjwa. Ni mitume walioshindwa kumponya mtoto. Nani aliwapa ruhusa ya kumtwisha mjane mzigo huo? Wengine hutaja Esta na siku zake tatu bila maji. Esta alifunga mara moja, taifa zima likikabili kifo, na pamoja naye walifunga Wayahudi wote wa Shushani. Hakufunga ili aache mazoea ya jikoni. Mtume Paulo aliwaonya Wakolosai juu ya amri za “usionje, usiguse”: zina sura ya hekima, lakini hazina nguvu ya kuzuia tamaa za mwili (2:20-23). Kanisa lenyewe linadai mfungo siku mbili tu kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi 59, na hata siku hizo mtu hula mlo mmoja kamili na kitu kidogo asubuhi na jioni. Maji hayakatazwi.

Mwili nao una ushuhuda wake. Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, vijana 36 waliokataa kushika silaha, wengi wao kwa ajili ya imani, walikubali kupunguziwa chakula karibu nusu kwa miezi sita. Walianza kuwaza chakula mchana na usiku. Walipofunguliwa, baadhi walikula mpaka wakaugua, na bado wakasema wana njaa. Hawakuwa na pepo. Ndivyo mwili unavyojilinda baada ya kunyimwa, na ndiyo sababu kila mfungo wako umezaa usiku mbaya zaidi.

Basi usifunge tena kwa sasa. Nashuku pia kwamba sokoni unashinda na chai na andazi moja. Wafanyabiashara wengi wa Kadutu ndivyo wanavyoishi. Kunywa uji wa sosoma (unga wa soya, mtama na mahindi) kabla ya kutoka nyumbani, na usikae zaidi ya masaa manne bila kula. Saa sita kula maharagi na kitu cha kushibisha. Saa kumi, konzi ya karanga na ndizi. Jioni pakua kwenye sahani, keti, funika sufuria. Mandazi usiyapige marufuku, maana kilichokatazwa ndicho kitakachokuita usiku. Kula moja mchana, mbele ya watu, bila aibu.

Usiku hamu ikija, iulize. Njaa ya tumbo huja polepole na hukubali hata maharagi baridi. Njaa ya huzuni huja ghafla, hutaka kitu kimoja, na haikomi ukishiba. Kaa dakika kumi, mwambie Mungu jina la mume wako na unachokikosa kwake. Ikibaki, kula ukiwa umeketi, bila kujilaani. Asubuhi yake kunywa uji kama kawaida. Wengi hukosea hapa: huruka mlo ili walipe deni la usiku, na jioni deni linarudi maradufu.

Ukijitapisha, au ukiwa na ugonjwa wa sukari, usingoje, muone muganga wa hospitali. Usingizi ukikukimbia wiki nyingi, kituo cha Sosame hapa Bukavu hutunza magonjwa ya nafsi. Kwenda huko si kupungukiwa imani.

Kikundi chako kisomewe jibu hili. Wakitaka kweli kukusaidia, mmoja wao aje kwako jioni mara mbili kwa wiki, mle pamoja bugali na sombe watoto wakiwa bado macho.