Jibu: Difu ya Explorer kwenye Mustang ya 1966

Ndugu, umeuliza kama difu (ekseli ya nyuma pamoja na gia zake) ya Ford Explorer itaingia kwenye Mustang yako ya V8 bila kukatwa. Haiingii. Ekseli ya Explorer ya 1995 hadi 2001 ina upana wa karibu sm 151, yako ni kama sm 145, na nyumba ya difu, yaani sehemu yenye gia, haiko katikati, imekaa upande wa kulia. Mwambie fundi wa lethi (mashine ya kukereza chuma) hapo Nakuru akate karibu sm 7 kwenye bomba la kushoto la ekseli, kisha utafute shafti ya pili ya upande wa kulia, ile fupi, uiweke kushoto. Ukitumia fupi mbili, difu inarudi katikati. Shafti hizo zina meno 31 kwenye ncha inayoingia kwenye difu, zako 28, na ekseli ya Explorer huja na breki za diski.

Kazi huharibikia kwenye vikalio vya springi, vile vipande vya chuma vya juu ya bomba ambapo springi hukaa. Bomba hili ni inchi 3.25, hivyo vikalio vya zamani na yubolti (bolti zenye umbo la U) za zamani havitakaa. Shikiza vikalio vipya kwa pointi za kuchomelea tu, shusha gari lisimame kwa uzito wake, pima pembe ya pinioni (gia ndogo ya difu inayounganishwa na propela), ndipo uchomelee, kidogo kidogo kwa zamu, bomba lisipinde. Bomba lenyewe limeshindiliwa tu kwenye nyumba ya difu na kushikwa kwa pointi chache. Lichomelee pia kwenye nyumba hiyo, la sivyo linaweza kuzunguka. Propela, ile shafti ndefu inayotoka gia boksi hadi kwenye difu, ipimwe urefu mwisho kabisa.