Jibu: Njugu za Brazili zitamea Rongai?

Boss, umeuliza kama zile njugu za Brazili ulizonunua supamaketi unaweza kuzipanda kwa ploti yako Rongai. Hizo zimeshatolewa ganda na kukaushwa, hazimei. Hata mimi nilizika saba kwa mkebe wa rangi nikawa namwagilia kila asubuhi kama mjinga, kuchimba baada ya miezi miwili napata uji unaonuka na siafu wameshakula lanchi. Inataka mbegu mbichi yenye ganda lake, na hata hiyo inaweza kukaa mchangani mwaka mzima kabla ichipuke.

Lakini shida kubwa ni baridi. Huo ni mti wa Amazon, unapenda joto na mvua nyingi, sasa Julai ya huku utaufunika na blanketi? Halafu unaweza kufika mita 50, na tunda lake ni kama mpira wa mbao, linaweza kufika kilo 2, likikuangukia kichwani basi. Tena linachukua zaidi ya mwaka kukomaa, na ua lake lina kifuniko kinachotaka nyuki mkubwa mwenye nguvu ndio afungue, wetu wa asali hawawezi.

Panda makadamia tu. Chukua mche uliopandikizwa (grafted), si wa mbegu, utavuna mapema zaidi. Rongai ni kavu kwa hivyo maji usisahau hiyo miaka ya kwanza, na kama udongo wako ni ule mweusi wa kung'ang'ania gamboti, tafuta pahali palipoinuka maji yasisimame kwa mizizi.