Taji la shaba na kichwa cha mtu: kwa wadogo zangu mnaoanza kazi

Wengi wenu mnaingia katika kazi ya kufua shaba kupitia sahani za ukutani, zile zenye sura ya mwanamke au ya swala, ambazo wageni wa Lubumbashi hununua wakirudi kwao. Ni shule nzuri ya mkono. Lakini sahani hukaa kwenye msumari. Taji hukaa juu ya mtu anayetoka jasho, anayecheza, anayeinama kuwasalimia wakwe. Ukilitengeneza kama sahani iliyokunjwa, litamtesa.

Katika mwaka wangu wa tatu wa kazi nilimpima bibi-arusi siku ya Jumanne, nywele zake zikiwa zimekatwa chini. Sentimita 55. Nikakata bati la shaba, nikalikunja, nikalehemu ncha mbili, nikalisugua hadi likang'aa. Jumamosi alikuja na misuko minene iliyokusanywa kisogoni. Taji halikushuka, likabaki juu ya nywele. Mama yake alilifunga kwa uzi mweusi, na binti akaingia ukumbini bila kucheza, mkono mmoja kichwani. Katika arusi zetu kuingia ukumbini ndiko kila mtu anakosubiri. Siku ile iliniuma, na bado inaniuma. Tangu hapo swali langu la kwanza kwa mteja ni hili: siku yenyewe nywele zitakuwaje? Kama atasuka, namsubiri asuke ndipo nipime. Kama atavaa wigi, alete wigi. Kama taji litakaa juu ya kitambaa, afunge kitambaa mbele yangu.

Pima pale taji litakapokaa. Futi ya mshona nguo ikipita chini ya paji inatoa namba moja. Ukiipandisha sentimita tatu, inatoa nyingine. Halafu kumbuka kwamba kichwa kina umbo la yai. Mtu mzima ana karibu sentimita 19 kutoka paji hadi kisogo, na karibu 15 kutoka upande hadi upande. Ukikunja bati kwenye bomba likawa duara kamili, mzunguko utakuwa sahihi, lakini taji litabana mbele na nyuma huku pembeni pana nafasi, na baada ya saa moja mvaaji atashika kichwa. Ndiyo maana nilichonga kigogo chenye umbo la yai, nacho ndicho ninachokunjia.

Jambo ambalo wanafunzi wangu hulisahau kila mara ni kitambaa cha ndani. Mahameli pamoja na gundi, unene wa milimita 2 tu, hula zaidi ya sentimita moja ya mzunguko wa ndani. Chukua namba ya kichwa, ongeza hiyo, ndipo ukate. Na usiache kukiweka: shaba ikikutana na jasho huacha rangi ya kijani kwenye ngozi, na kwenye paji la bibi-arusi aibu hiyo ni yako wewe fundi.

Kuhusu uzito, fanya hesabu kabla ya kuwasha moto. Ukanda wa sentimita 58 kwa 4, wenye unene wa nusu milimita, una gramu 104 hivi. Ukitumia bati la milimita moja, uzito unakuwa mara mbili, na bado hujaweka maua wala malakiti, yale mawe ya kijani. Mimi sivuki nusu milimita. Nguvu naitafuta kwa kukunja ukingo juu ya waya mwembamba, na hapohapo ule ukali unaokata ngozi unaondoka.

Kazi iliyo ngumu kuliko zote ni taji la mashindano ya urembo, kwa sababu unalifua bila kujua litavaliwa na nani. Hapo usifunge nyuma. Ukanda wa shaba uishie sentimita 50, nyuma pabaki wazi, kila ncha iwe na matundu mawili ya utepe. Ndani, pembeni na juu, lehemu vitanzi vidogo vya kupitisha pini za nywele. Kwa njia hiyo taji moja limewatosha wasichana wenye kichwa cha sentimita 53 na cha 59.

Lakini taji lililo wazi linahitaji shaba yenye mkazo, inayorudi ukiipanua. Mnajua kwamba shaba ikipigwa sana inakuwa ngumu na kupasuka, kwa hiyo tunaichoma hadi iwe nyekundu iliyofifia, kisha majini, inalainika tena. Basi lehemu vitanzi vyote mapema, na usimalize kwa moto. Baada ya kuchoma mara ya mwisho, pitisha nyundo laini ukanda mzima, pigo kwa pigo, hadi uhisi shaba inakusukuma mkononi.

Mkitafuta shaba, ulizeni imetoka wapi. Waya wa umeme ulioibwa na kuchunwa unaweza kuwa umeacha mtaa mzima gizani, na sisi tunaojivunia shaba ya Katanga hatuna haki ya kuuvisha kichwani mwa mtu.

Kabla ya kukata bati lolote, tengenezeni taji la katoni. Mvalishe mteja, mwambie ainame, acheke, acheze wimbo mzima. Katoni likianguka, sogeza vitanzi, ujaribu tena palepale yeye akiwepo.