Mkanda wa jeshi: wahi hospitali, usingoje mnong'ono uishe

Juzi dada mmoja wa Konde, Pemba, kaniandikia. Ametokwa na malengelenge ubavuni, upande mmoja tu, yanaunguza kama kamwagiwa maji ya moto, na jirani keshamwambia mkanda ukizunguka ukakutana, ndiyo safari. Mimi pia niliambiwa hivyo hivyo, na si kweli.

Ulikuwa msimu wa karafuu, Wete. Mama anaumwa, nakesha naye, alfajiri niko shamba. Mgongo ukawaka kabla sijaona kipele. Nikapakwa dawa ya majani, nikangoja, na siku ya sita ndiyo nikaenda hospitali, wakati asikloviri, dawa ya kuzuia virusi, husaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele kutoka. Vidonda vilikauka, maumivu yakabaki miezi saba. Lakini kilichoniuma hadi leo ni watu niliokua nao kukwepa kikombe nilichonywea, wakinong'ona kwamba nina VVU.

Nikaanza kusoma. Kirusi kinacholeta mkanda ni kile kile cha tetekuwanga ya utotoni. Hakikuondoka, kimejificha kwenye mafundo ya neva kando ya uti wa mgongo, na mwili unakilinda mlango miaka yote. Kikiamka, ndani ya kiini cha seli kuna protini iitwayo PML, ambayo hujenga vizimba na kuvifungia humo virusi vipya visitoke. Nyingine, IFI16, hutambua DNA ya virusi vya kundi hili la herpesi na kuita msaada. Msaada huo ni intaferoni, waliyoigundua wanasayansi Isaacs na Lindenmann mjini London mwaka 1957. Huzitahadharisha seli jirani. Kirusi nacho kina protini zake za kuvunja vizimba hivyo, na ulinzi ukilegea kwa uzee, VVU au dawa zinazoshusha kinga, hushinda.

Kwa hiyo kupima VVU nilipima, na wewe dada pima, bila kuinamisha kichwa. Mkanda huwapata hata wasio na VVU, na wanaonong'ona wakumbuke kwamba huenda nao waliugua tetekuwanga. Hauambukizi kwa kikombe. Maji ya malengelenge ndiyo yanayoweza kumpa tetekuwanga asiyewahi kuugua, basi yafunike, na ujitenge na wajawazito na vichanga.

Usipake kitu. Kesho panda gari ya asubuhi, na ukifika mtajie daktari siku na saa kipele cha kwanza kilipotoka.