Nani alishika usalama wa satelaiti za kijasusi za Marekani?

Umeuliza nani alikuwa na kauli ya mwisho kuhusu siri, ikiwa CIA na Jeshi la Anga waliendesha mradi mmoja. Katika CORONA, mradi wa kwanza wa Marekani wa satelaiti za kupiga picha za kijasusi, CIA ndiyo iliyobeba usalama. Jeshi la Anga lilirusha roketi na kuopoa vyombo vidogo vya filamu vilivyoshushwa kutoka angani, huku hadharani satelaiti zikiitwa Discoverer, za utafiti wa kisayansi. Mwaka 1961 iliundwa NRO, ofisi ya pamoja ya satelaiti za kijasusi.

Jambo la msingi ni kutenganisha mtambo na mazao yake. Kulikuwa na mifumo miwili ya usiri. BYEMAN ililinda mtambo: kamera, mikataba, viwanda. TALENT-KEYHOLE ililinda picha. Mchambuzi wa picha hakuhitaji kujua lenzi imetengenezwaje, wala fundi wa lenzi hakuhitaji kuona picha. Kila mfumo ulikuwa na ruhusa zake, na kibali cha siri kuu peke yake hakikukufungulia mlango. Ilibidi ithibitishwe kwamba kazi yako inahitaji habari hiyo.

Panapoharibika mara nyingi ni kwenye orodha ya wenye ruhusa. Ofisi mbili zikitunza orodha mbili, aliyehamishwa hufutwa upande mmoja na kubaki upande wa pili. Kwa hiyo daftari liwe moja, lenye msimamizi mmoja, na mtu afutwe siku ileile anayoondoka. Hatari nyingine, nayo ni nzito sana: ukibana kupita kiasi, picha haimfikii kamanda anayeihitaji.